Sifa za Kitufe cha Kusubirisha

Katika simu ya mezani ya ofisi, kando ya tarakimu, kuna kitufe ambacho hakijatungiwa kasida hata moja. Karani akikibonyeza, mpigaji anatoweka bila kuondoka: laini iko wazi, kredi inakwenda, kinanda kinamlilia sikioni, na karani yuko huru kumalizia mahamri yake. Jirani yake ni kitufe cha kuhamisha, kinachomtoa mpigaji mapokezi na kumpeleka uhasibu, uhasibu wakamsukuma masjala, masjala wakamrudisha mapokezi, naye akakaribishwa upya kama mgeni aliyeshuka sasa hivi. Vitufe hivi viwili vimelaaniwa na kila mwenye simu kutoka Kisauni hadi Changamwe. Mimi naona vimeonewa. Hakuna mtumishi mwaminifu kuvishinda katika ofisi nzima, na laana zinazovipata zina mwenyewe mwingine.

Anayetaka kuijua neema hii aitazame akiwa Mtongwe. Ukisimama ufuoni pale, kreni za bandari ya Kilindini unaziona wazi, na huko huko ng'ambo ndiko ziliko ofisi nyingi zinazoamua kama mtu atapata maji, hati ya shamba, au mafao ya marehemu mumewe. Mkondo ulio kati si mpana, lakini hauvukwi kwa macho. Sharti upande matatu hadi Likoni, uingie kwenye umati wa feri, uvuke bure kwa kuwa huna gari, kisha utoe nauli nyingine upande wa pili. Kivuko cha Mtongwe chenyewe kina kumbukumbu isiyotaniwa: tarehe 29 Aprili 1994 feri ilipinduka hapo, mita chache tu kutoka nchi kavu, wakafa watu 272. Nalitaja hilo kwa sababu ofisa anayesema kwa wepesi "wewe njoo tu ofisini" anasema na watu wanaojua uzito wa kuvuka kuliko yeye. Zamani, basi, mtu wa Mtongwe alivuka ili akaambiwe arudi kesho. Kitufe kimemwondolea safari hiyo. Benchi la kungojea, dirisha namba tatu, kufuli la saa ya chakula cha mchana, vyote anavipata akiwa kibarazani kwake. Katiba ya 2010 ilitugawia serikali 47 za kaunti tukaita ugatuzi. Kitufe kimekwenda mbali zaidi, kimegatua foleni hadi kitandani.

Wapo watakaosema kwamba simu ilibuniwa ili tusingoje. Hawa hawaijui nasaba yake. Inasimuliwa kwamba Almon Strowger, mzishi wa Kansas City kule Marekani, aliona biashara yake inadhoofika kwa sababu opereta wa mji aliwaunganisha wafiwa na mzishi mwingine. Kwa hasira akabuni mtambo wa kuunganisha simu bila opereta, akapewa hataza mwaka 1891. Kwa hiyo mitambo yote tunayoisifu ilianza kama vita dhidi ya binadamu anayekatisha njia ya mazungumzo, na leo, baada ya miaka zaidi ya mia moja ya uhandisi, tumemrudisha binadamu yule yule na kumpa kitufe chake maalumu. Hapa Kenya hatukuwahi kudanganywa kwamba kungoja kumekwisha. Wakati wa Shirika la Posta na Simu, lililovunjwa mwaka 1999 likazaa Telkom na wenzake, mtu aliomba laini akangoja kuletewa waya. Sasa simu iko mfukoni tayari, na kungoja kumehamia ndani yake. Kumehama tu, na kujiongezea salamu: zamani ulingoja kimya, siku hizi unaambiwa kila baada ya muda mfupi kwamba wewe ni wa muhimu.

Hata hesabu ziko upande wa kitufe. Mwaka 1909 Agner Krarup Erlang, mwanahisabati wa Denmark aliyeajiriwa na kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha kazi iliyozaa elimu nzima ya foleni. Simu haziji kwa mpangilio; huja tatu pamoja, kisha hakuna, kisha tano. Ofisi inayotaka kila simu ipokelewe papo hapo itabidi iwe na makarani wanaokaa bure kwa sehemu kubwa ya siku, na karani aliyekwisha jaa kazi ukimwongezea mzigo kidogo, foleni yake hairefuki kidogo, inarefuka vibaya. Kungoja, kwa hiyo, ni bei ya kutolipa watu wa kukaa bure. Hoja hii ni nzito na ningeishia hapo, isipokuwa kwamba Erlang aliifanya hesabu yake ili makampuni yajue yaongeze laini ngapi. Haikumpitikia kwamba kuna watakaoisoma kama cheti cha kutoongeza chochote.

Na muziki? Ulizaliwa kwa ajali. Mwenye kiwanda mmoja wa Marekani, Alfred Levy, aligundua kwamba waya uliolegea umegusa boriti la chuma la jengo lake, na redio ya jirani ikawa inasikika kwa waliokuwa wakingoja kwenye laini. Akaomba hataza mwaka 1962, akaipata 1966. Sifa kuu ya muziki huo ni kwamba hauahidi. Mtu wa mapokezi husema mkubwa yuko njiani, yuko mkutanoni, ametoka sasa hivi. Kinanda hakijawahi kusema uongo wa namna hiyo. Kinakuja, kinakwisha, kinaanza tena pale pale kilipoanzia, na kwa tabia hiyo kinaeleza mwendo wa faili lako kwa usahihi ambao hakuna ofisa angeuthubutu.

Tuje kwenye uzalendo. Kenya anayepiga ndiye anayelipa. Nambari za bure zinazoanza na 0800 zipo, ila ofisi nyingi huziona kama anasa. Juu ya bei ya mazungumzo kuna ushuru wa bidhaa, uliopanda hadi asilimia 20 mwaka 2021 na kushushwa hadi 15 mwaka 2023, na kuna VAT ya asilimia 16. Mjane wa Mtongwe anayesubirishwa akisikiliza kinanda anaichangia hazina ya taifa kila sekunde, bila kujaza fomu na bila kupewa risiti. Atasema hakupata huduma yoyote. Lakini ushuru haukuulizia huduma, uliulizia dakika, na dakika alizitoa.

Sifa nyingine ni usawa, na hapa napingwa kwa nguvu. Kwenye benchi la ofisini, nasema, aliyeshuka kwenye gari kubwa huitwa mbele, na anayejua desturi hutoa kitu kidogo cha chai. Kitufe hakitazami gari, na tangu kitengenezwe hakijaomba chai. Wapinzani wanajibu kwamba wenye magari makubwa hawapigi simu ya mezani kabisa, wanayo nambari ya mkononi ya mkubwa mwenyewe. Ni kweli tupu, wala siwezi kuikataa. Ninachoweza kusema ni kwamba kosa hilo si la kitufe. Kitufe kinawatendea sawa wote wanaokifikia, na kama wanaokifikia ni wale tu wasio na mtu ndani, basi aliyewapanga hivyo hakukaa kwenye ubao wa tarakimu.

Hapa ndipo kwenye kiini, na naomba tukae kidogo. Mwenye kukilaani kitufe hudhani mtambo wa ofisi umeundwa kwa ajili ya kumsumbua. Hebu tuufungue. Swichibodi ya kawaida, hata ile isiyo ya bei, inaweza kumfuata ofisa anapohamia meza nyingine, simu yake ikalia huko. Inaweza kuliza simu zote za idara kwa pamoja, awahi atakayewahi. Inamruhusu mfanyakazi kuipokea simu inayolia kwenye meza ya mwenzake kwa kubonyeza tarakimu mbili tatu, bila kuinuka kitini. Isipopokelewa baada ya milio kadhaa, inaweza kuipeleka kwa mtu mwingine badala ya kuiacha ilie hadi ikate tamaa. Inaweza kuwaunganisha watu watatu ili mpigaji asianze upya kisa chake. Na ule uhamishaji unaochukiwa sana una njia mbili ndani yake: karani anaweza kumtupa mpigaji kwenye ekstensheni nyingine na kukata, au anaweza kwanza kuzungumza na yule wa pili, akamwambia ni nani anapiga, ana shida gani, ameshapitia wapi, kisha ndipo akamkabidhi. Tofauti kati ya njia hizi mbili ni nusu dakika. Mtambo umeitoa nusu dakika hiyo bure. Aliyeikataa ni mwenye kidole.

Wala isisemwe kwamba ni fedha. Tangu mwaka 1999 iko programu iitwayo Asterisk, aliyoianzisha Mark Spencer, inayoigeuza kompyuta ya kawaida kuwa swichibodi kamili, na leseni yake hailipiwi. Vipaji vyote nilivyovitaja vimo humo. Lakini ofisi yenye vipaji ishirini mezani hutumia vitatu: kusubirisha, kuhamisha kwa kutupa, na kuacha simu ilie. Kitufe ni kimoja tu katika kundi la ndugu wema wasioitwa kazini, na kwa kuwa ndicho kinachoitwa kila saa, ndicho kinachobeba lawama za ukoo mzima. Nako kubeba huko ndiko ninakokusifu zaidi. Karani akichoka, "sistimu iko chini." Ofisa asipotaka kuonekana, "laini imekatika yenyewe." Faili likipotea, "nilikuhamisha, hukungoja." Kitufe kinayasikia yote hayo yakisemwa juu ya kichwa chake, hakikanushi, hakiendi mahakamani kudai fidia ya kuvunjiwa heshima, na kesho asubuhi kiko pale pale kazini kabla ya wote.

Atajitokeza mtetezi wa karani, na ana haki ya kusikilizwa. Atasema mara nyingi mtu mmoja ndiye analinda mlango, anapokea wageni, anagonga mihuri na kushika simu; kwamba mafunzo ya mtambo yalitolewa mara moja, siku ya kuufunga, kwa mtu ambaye amekwisha hamishwa; kwamba kitabu cha maelezo kiko kwenye droo na nailoni yake. Nakubali. Namsamehe karani kabla hajaniomba. Lakini msamaha huo haupandi ngazi pamoja nami. Aliyeagiza mtambo, akasaini malipo, akapiga picha siku ya uzinduzi, hakuuliza hata mara moja ni simu ngapi zilizolia bila kupokewa, ingawa mitambo mingi huandika hilo yenyewe, siku kwa siku, saa kwa saa. Ripoti ipo. Imengoja kusomwa kwa ustahimilivu unaoshinda wa mpigaji yeyote.

Nimeonywa kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na kwamba sifa hizi zitakiharibu kitufe. Wanaonionya hawajaionja simu ya ofisi hivi karibuni. Maji yalishatiwa, kilichobaki kibuyuni ni harufu ya tembo tu, na mgema ndiye wa mwisho kushangaa akisifiwa.

Pingamizi la mwisho ndilo gumu. Linatoka kwa watu wanaoujua mtambo, nao wanasema: kama lazima watu wangoje, wangoje wakiwa wamekata simu. Mpigaji aache nambari yake, ashike mahali pake katika foleni, na zamu ikifika mtambo umpigie wenyewe. Kazi hiyo mitambo inaiweza, na watu hawa hawaelewi kwa nini haiwashwi. Nitawaeleza. Ofisi ikikubali kumpigia mtu, italazimika kuandika jina lake na shida yake, na kilichoandikwa kinaweza kuulizwa. Dakika zitalipwa na ofisi, pamoja na ushuru ule wa asilimia 15. Ofisa atalazimika kuwa na jibu kabla ya kuinua mkono wa simu, jambo linalovuruga kabisa utaratibu wa kutafuta jibu huku mtu akisikiliza kinanda. Na baya zaidi, siku ofisi itakapopiga Mtongwe, yule mjane anaweza kuwa amemaliza chaji, au yuko sokoni, au ameamua tu kuizima. Mkubwa wa idara atakaa na mkono wa simu sikioni, mafaili yamemzunguka, akiambiwa na sauti ya mwanamke asiyemjua kwamba mteja wa nambari aliyopiga hapatikani kwa sasa.