Stoo ya Mita Mbili na Vita vya Milango

Kwenye ramani ya nyumba yetu stoo iliandikwa "ST", herufi mbili tu, kati ya jiko na choo cha wageni: mita 2 kwa mita 1.5. Nadhani mchoraji aliona haya kulimalizia neno. Tulipohamia, kila kilichokosa kwao kilisukumiwa humo. Boksi la televisheni, tupu, kwa sababu boksi la televisheni halitupwi. Siku televisheni ikirudishwa dukani utaibeba na nini? Makopo ya rangi yenye vidole viwili vya rangi iliyoganda. Feni inayomsubiri fundi tangu awamu iliyopita ya uongozi wa nchi. Nguo za kichanga za watoto ambao sasa wananyoa ndevu. Na ndoo za aiskrimu.

Ndoo za aiskrimu zingestahili makala yake. Nyumba ya Kitanzania huinunua aiskrimu mara moja, lakini ndoo yake huishi milele, ikiwa na maharage yaliyochemshwa, vifungo vya mashati, misumari au mbegu za mchicha. Hakuna mtoto wa mjini ambaye hajawahi kuifungua kwa furaha na kuifunga kwa machozi.

Siku moja mke wangu akatangaza kwamba stoo inapangwa upya. Alikuwa ameona picha mtandaoni: makabati meupe yaliyojengewa ukutani, kutoka sakafuni hadi darini, milango isiyo na hata vishikio, ukiigusa inafunguka yenyewe. Mimi nikasema nataka shelfu wazi. Hoja yangu ilikuwa fupi, na mpaka leo sijaona aliyeivunja: mlango haupangi vitu, unavificha. Tuna bisibisi za kutosha kufungua karakana, na kila moja ilinunuliwa kwa sababu nyingine zote zilikuwa hazionekani.

"Na mgeni akikosea mlango wa choo?" akauliza.

Hapo alinigusa pabaya. Mlango wa choo cha wageni na wa stoo inafanana, na shangazi zangu hukosea kwa makusudi. Shangazi mmoja alikosea akakaa humo muda wa kutosha kusoma tarehe za mwisho wa matumizi.

Nikakimbilia historia. Nikamwambia kwamba nyumba za mawe za Lamu, zile za karne ya 18, zina ukuta mzima wa zidaka katika chumba cha ndani, vishubaka vilivyochongwa kwenye chokaa, safu juu ya safu, wala hakuna kidaka chenye mlango. Waswahili wenyewe, watu wa staha na mapazia, waliacha vitu vyao wazi.

"Waliweka sahani za kutoka China," akanijibu. "Wewe unataka kuonyesha nini, baba watoto? Feni?"

Basi akaitwa fundi, seremala wa Keko, penseli sikioni na futi kamba kiunoni. Akapima, akaguna, akapima tena kona ileile, akaguna kwa sauti nyingine. Kuta hazikuwa na pembemraba. Upande wa nyuma ulizidi wa mbele kwa upana wa kiganja. Fundi seremala hupenda sana kugundua makosa ya fundi mwashi, kwa hiyo tulisikiliza hotuba. Kisha akatoa mpango wake: makabati pande zote mbili, yanayotazamana, kila moja kina chake futi mbili, "kama ya jikoni, bosi."

Futi mbili ni takriban sentimita 60. Mbili mara mbili, sentimita 120. Chumba kina 150. Nikamwuliza mtu atasimama wapi.

Akakitazama chumba. "Anasimama jikoni, bosi. Ananyoosha mkono."

Bado milango. Ukifungua wa kulia, wa kushoto lazima uwe umefungwa. Ukifungua wa mwisho kabisa, unakwama kwenye fremu ya mlango wa stoo, na wewe uliyeufungua unabaki ndani. Picha za mtandaoni hazina tatizo hili kwa sababu stoo zao ni kubwa kuliko sebule yetu. Kwa chumba chembamba, shelfu ya kina cha sentimita 30 hadi 40 inatosha kabisa: unaona mpaka nyuma, na hakuna kopo la nyanya litakalojificha huko hadi livimbe. Nililisema hili kwa upole. Mke wangu akaandika sentimita 40 kwenye karatasi yake, akaiacha milango palepale.

Ikaja habari ya mbao. Yeye alitaka MDF kwa sababu inapokea rangi vizuri. Ni kweli, inapokea rangi vizuri, na inapokea maji vizuri zaidi. Bodi ile, futi 8 kwa 4, ni nyuzi za mti zilizoshikanishwa kwa gundi na kukandamizwa. Ikinyonya maji inavimba, na ikishavimba hairudi. Stoo yetu imepakana na choo cha wageni, na hii ni Dar es Salaam, ambako chumvi mezani hulia yenyewe mwezi Aprili. Fundi akapendekeza mninga. Akataja bei. Nikaomba maji ya kunywa. Tukaishia kwenye mbao za paini kutoka Mafinga, zilizotiwa dawa ya mchwa, na kila mtu akanuna sawasawa.

Kwa majaribio fundi akaanza na shelfu moja ukutani, ubao mmoja wa mita 2, umeshikwa kwenye ncha tu. Nguzo ya katikati aliikataa, akisema inaharibu mwonekano. Nikamweleza kanuni: kwa mzigo uleule, ukirefusha ubao mara mbili, hauzami mara mbili, unazama mara nane. Ndiyo maana shelfu za vitabu zinaonekana kucheka baada ya miaka michache.

"Hiyo ni ya vitabuni, bosi," akasema. "Ubao wangu haujasoma."

Akapandisha kiroba cha mchele cha kilo 25. Ubao ukapinda kidogo, ukatulia. Akapandisha dumu la mafuta ya kula. Ukatulia tena. Akanigeukia kwa tabasamu la mtu anayekaribia kuomba malipo ya pili, akatoa simu apige picha ya kazi yake. Alipokuwa anatafuta pembe nzuri ndipo skrubu zilipoanza kutoka, polepole, na plasta yake. Kiroba kilishuka kwanza, kikapasukia kwenye kopo pekee la rangi ambalo lilikuwa bado halijaganda. Dumu likafuata. Ndoo za aiskrimu zilizokuwa chini zikaruka na maharage yake. Sakafu ikawa pilau ya kijani. Boksi la televisheni halikupata hata mkunjo.

"Ingekuwa na milango…" mke wangu akaanza.

"Ingeanguka na milango," nikasema.

Fundi alikuwa ameinama, anachambua mchele na skrubu.

Nguzo ya katikati ikakubaliwa bila mjadala. Mtungi wa gesi wa akiba nao ukahamishwa uani. Huu sikutaka kuujadili hata kidogo: gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutambaa sakafuni, na kabati lililofungwa chini huikusanya na kuitunza mpaka mtu awashe kiberiti.

Milango ilibaki bila suluhu mpaka mama mkwe alipowasili kutoka Tabora na gunia la mahindi na furushi la makopa. Tukamwamkia, tukampa maji, na kabla hajamaliza kikombe akauliza mzigo utakaa wapi. Akaonyeshwa. Akagonga mbao kwa kifundo cha kidole. Akanusa.

Watu wa Tabora hawachukulii stoo kwa mzaha. Mwishoni mwa miaka ya 1970 aliingia huko dumuzi mgeni kutoka Amerika ya Kati, mdudu mdogo anayetoboa mahindi, mihogo mikavu na hata mbao. Wakulima walimbandika jina la lori, Scania, maana kazi yake ilikuwa ya lori.

"Mkifunga milango ya mbao, humo kutakuwa na giza, joto na unyevu," akasema. "Wadudu watahamia na familia zao. Mkiacha wazi, panya."

Kisha akaeleza kabati la wavu. Wengi wetu tulilikuta kwa bibi zetu: fremu ya mbao, milango ya wavu, hewa inapita, panya hapiti, na kila mguu umesimama kwenye kopo la maji ili sisimizi wasipande. Lina milango, kwa hiyo mke wangu alishinda. Unaona kila kilichomo, kwa hiyo nilishinda mimi. Mkwe si mtu wa kubishiwa, nami sikubisha, ingawa niliona wazi kwamba hoja ilikuwa ya kwangu, imerudi tu kwa sauti yenye heshima zaidi. Fundi, aliyenibishia kanuni ya mara nane, alisema "Sawa, mama" na kuanza kukata wavu.

Mama aliongeza kitu kimoja wakati sisi tukisifia kazi: komeo na kufuli. Ufunguo ni mmoja, na unakaa kwenye pindo la khanga yake.

Jumapili taa ya sebuleni ikaungua. Balbu ziko stoo. Naziona kabisa kupitia wavu, shelfu ya pili, nyuma ya bisibisi. Nikaenda barazani, nikachuchumaa kwa adabu, nikamwambia mama kwamba naomba balbu.

Akalitazama jua. "Saa hizi?" akasema. "Balbu ya nini, baba, na mchana bado upo?"