Jebu ya Pili

Hapa Muhokya, magharibi mwa Uganda, kila mwanamume ana ngumi ya kumaliza ugomvi, na atakuonyesha bila kuombwa. Keti kwenye benchi la muuza chapati, pale malori ya chumvi kutoka Katwe yanapopunguza mwendo, kisha taja masumbwi tu. Atanyanyuka mpakia chokaa mmoja, avute mkono wa kulia mpaka nyuma ya sikio, aurushe, na kikombe cha chai cha jirani yake kiende nao. "Hii ndiyo iliyomlaza fulani," atasema. Ukimuuliza alianza na ipi, atakuona huna adabu.

Hiyo ya kuanzia ndiyo habari yangu. Mabondia wanaiita jebu: ngumi ya mkono ulio mbele, wa kushoto kwa wengi wetu, inayotoka kidevuni ikanyooka mpaka kwa mwenzako na kurudi kwa njia ileile. Haina kishindo. Ni nadra kumwangusha mtu. Sijasikia mtu akisimuliwa kwenye pombe kwa sababu ya jebu.

Kocha wetu hufundisha jioni, nyuma ya ghala la zamani la chokaa. Mbele matanuri yanafuka moshi, nyuma sisi tunafuka jasho. Ulingo ni kamba za kufungia ng'ombe zilizozungushwa kwenye miti minne, na mfuko wa mazoezi ni gunia la chokaa lililojazwa matambara na maganda ya mahindi, likaning'inizwa kwenye mwembe. Kocha aliapa kwamba gunia lilikung'utwa vizuri. Lakini chokaa haitoki guniani kwa kiapo.

Jioni yangu ya kwanza aliniambia nipige jebu mbili mfululizo. "Ya kwanza, Mwalimu, ni ya kumziba mwenzako macho. Ya pili ndiyo inayompata." Nikapiga ya kwanza. Gunia likakohoa wingu jeupe, wingu likanivaa usoni, na aliyezibwa macho nikawa mimi. Ya pili niliipiga kwa kubahatisha. Ikapita ubavuni mwa gunia na kuupata mwembe. Nilirudi nyumbani na nyusi nyeupe na vidole vimevimba, watoto wa jirani wakakimbia wakimwita mama yao. Mama akatoka, akanipima kutoka juu mpaka chini, akawatuliza: "Ni Mwalimu tu. Leo amezeeka."

Kesho yake nilidai maelezo. Kwa nini mbili? Moja si inatosha?

"Mwalimu," kocha akasema, "mtu anayekudai akigonga mlango, unafanyaje?"

"Najificha," nikajibu. Wote wakacheka, maana wananijua, na wawili kati yao wananidai.

"Akinyamaza?"

"Nachungulia."

"Basi jebu ya pili ni ya huyo anayechungulia."

Sijapata somo fupi kuliko hilo, na nimesomesha miaka mingi. Mtu akirushiwa ngumi huinua mikono, hufumba macho kidogo, huvuta kichwa nyuma. Ngumi ikirudi, mwili unalegea: nimepona. Ya pili inamkuta katikati ya kupona. Ndiyo maana ya kwanza haitaki nguvu hata ya kuua mbu, inataka haraka. Ya pili inakwenda na hatua, mguu wa mbele ukiteleza kidogo, kwa sababu mwenzako amesharudi nyuma na ukibaki ulipo utaipiga hewa. Bega linapanda kulinda kidevu. Pumzi inatoka puani kwa kila ngumi. Na mkono unarudi juu, shavuni, hauendi kupumzika kiunoni.

Tatizo la jebu ni kwamba hujaijua mpaka iwe mazoea, na mazoea hayaulizi uko wapi. Nilitundika soksi yenye mpira wa matambara kwenye kizingiti cha mlango, nikawa naidonoa kila asubuhi kabla ya shule: mbili, hatua; mbili, hatua. Mke wangu alilalamikia soksi, hakulalamikia ngumi. Kisha siku moja mama mkwe akaja kututembelea kutoka Bwera, amekumbatia mkungu wa matoke kifuani, akasukuma mlango bila kubisha, kama ilivyo haki yake. Jebu ya kwanza ilikuwa imeshaifikia soksi. Niliuona uso wake, nikaamua kuacha. Lakini ya pili haingoji uamuzi. Ilizama kwenye mkungu, ndizi tatu zikaanguka sakafuni, na nyumba ikawa kimya.

Mama mkwe akaziangalia ndizi, akaniangalia mimi. "Mkwe wangu," akasema kwa upole, "si ungesema tu kwamba hutaki wageni?"

Nilimwekea kiti kwa mikono miwili, nikamwagizia samaki wa Kahendero, tukala na bundu, ugali wa muhogo, na yeye akanisamehe. Hakunisitiri lakini. Bwera iko mpakani na Congo. Mtu akitoa habari sokoni Mpondwe asubuhi, mchana Wakonzo wa huku na Wanande wa Kasindi wameshaichambua kwa Kikonzo na kwa Kiswahili. Habari iliporudi Muhokya kwa teksi ya jioni, mkungu ulikuwa umeshakuwa mbuzi, na mbuzi alikuwa amezimia.

Kwenye mazoezi nikapangiwa kijana mvuvi kutoka huko huko Kahendero, mwenye mabega ya kuvuta nyavu za Ziwa George. Juu ya hayo ni mashoto. Mtu wa kushoto akisimama mbele yako, mkono wako wa mbele unakutana na wake wa mbele, na tulipeana mikono kuliko wagombea ubunge. Kocha akapiga kelele: "Weka mguu wako nje ya mguu wake!" Nikauweka, njia ikafunguka, jebu zangu mbili zikaingia. Nikazirudia. Zikaingia tena. Nikajiona nimefika.

Kumbe kijana alikuwa anahesabu. Mbili, kimya, mbili, kimya. Raundi iliyofuata aliiacha ya kwanza ipite, ya pili akaikwepa kwa kusogeza kichwa pembeni, na mkono wangu ulipokuwa unarudi kwa maringo, umeshuka mpaka kifuani, akanitumia wake wa kushoto juu ya huo wangu. Pua yangu ililia kabla yangu. Niliketi chini nikitazama juu, nikagundua kwamba siku hiyo theluji ya Rwenzori inaonekana vizuri sana.

"Umemfundisha wimbo," kocha akasema akinikandamiza pua kwa kitambaa, "na yeye ameuimba." Tangu hapo akanikataza kupiga kwa hesabu ileile. Piga moja, nyamaza. Piga tatu. Piga mbili, lakini ziachanishe kwa nusu pumzi. Ya kwanza ya usoni, ya pili ya tumboni, kesho geuza. Mara nyingine tikisa bega tu, usipige kitu, umwone anavyojikunyata bure. Jebu nyingi hazina faida kama mwenzako anajua ya ngapi ndiyo ya mwisho.

Haya niliyapeleka kwenye benchi la chapati, nikapokelewa vibaya. Wapakia chokaa ni wafuasi wa bondia John Mugabi, Mnyama mwenyewe, aliyeleta medali ya fedha kutoka Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Kabla ya kukutana na Marvin Hagler kule Las Vegas mwezi Machi 1986, kila aliyepigana naye katika ndondi za kulipwa alimalizwa kabla ya kengele ya mwisho. "Unaona? Hakuna kudonoa!" Nikawakumbusha kwamba Hagler alivumilia, akajibu, na raundi ya 11 Mnyama ndiye aliyekaa chini. Wakasema mwaka 1989 alitwaa mkanda wa dunia wa WBC huko Ufaransa kwa raundi moja tu. Nikasema kweli, lakini bingwa René Jacquot aliteguka kifundo cha mguu. Na mwaka uliofuata Terry Norris akauchukua mkanda, naye kwa raundi moja.

Mzee mmoja mfanyabiashara wa ng'ambo ya mpaka akadakia kwamba Muhammad Ali, Kinshasa, Oktoba 1974, alimfungulia George Foreman kwa mkono wa kulia bila kutanguliza jebu. Ni kweli, na raundi ya nane Foreman alianguka. Kocha, aliyekuwa anangoja chapati yake, akageuka: "Mzee wangu, Ali ni Ali. Huyu ni mwalimu wa darasa la nne."

Kisha yeye akamtaja Ayub Kalule, ambaye pale hatajwi sana. Oktoba 1979 Kalule alikwenda Akita, Japani, akampiga Masashi Kudo kwa pointi katika raundi 15 na kurudi na mkanda wa dunia wa WBA. Raundi 15 hazishindwi kwa ngumi moja. Zinashindwa kwa kazi ndogondogo inayorudiwa mpaka majaji wachoke kuiandika. Benchi likanyamaza kidogo, kisha mpakia mmoja akauliza kama Kudo alizimia. Alipoambiwa hapana, akarudi kwenye chai yake.

Hatimaye pakaandaliwa mapambano ya kirafiki Bwera, siku ya soko, kwenye uwanja wa wazi, kiingilio shilingi elfu mbili. Nikapewa kijana anayeshusha mizigo kwenye malori ya mpakani, mwenye mkono wa kulia wa kutisha na imani kubwa juu yake. Mama mkwe alikuwa safu ya mbele, bila matoke.

Raundi tatu zote kijana alikuwa anautafuta huo mmoja. Kila alipouvuta nyuma ya sikio, nilimgusa mbili. Alipongoja ya pili, nikaishia moja. Alipoizoea moja, zikaja tatu. Mkono wake wa kulia ulinipata mara moja begani, na bega hilo mpaka leo linatabiri mvua. Sikumwangusha, sikujaribu. Kengele ilipolia jicho lake la kushoto lilikuwa limefumba, na refa akainua mkono wangu.

Makofi yalikuwa machache. Mzee mmoja akasimama na kudai arudishiwe elfu mbili zake: amelipa kuona ngumi, ameonyeshwa mtu anayenyoosha mkono. Watu wakamuunga mkono. Mwandaaji akaanza kujikuna. Aliyetuokoa ni yule kijana, aliyegeuka akiwa ameshikilia kamba, akamtafuta mzee kwa jicho lililobaki.

"Mzee," akasema, "panda ulingoni basi, unyooshewe na wewe."