Namna ya Kushinda Ubishi wa Barafu Sarang'ombe

Kwanza tafuta friza. Hapa Kibera, Gatwekera au Olympic, hutakosa mama anayegandisha juisi na kuwauzia watoto wakitoka shule, na friza yake ndiyo maabara iliyo karibu nawe. Mwombe kwa adabu: "Mama, nisaidie kona moja tu, ya vikombe viwili." Atakuuliza, "Na stima atalipa nani?" Mnunulie tokeni, kona itapatikana. Kisha mweleze kwamba unataka kujua kama maji ya moto huganda kabla ya maji baridi. Atacheka. Walio kwenye foleni watacheka zaidi. Usinune wala usiondoke: hakuna aliyewahi kuuliza swali hili asichekwe.

Wakiuliza umelitoa wapi, waambie limetoka Tanganyika, kwa mwanafunzi wa kidato cha tatu. Mwaka 1963, katika Shule ya Sekondari Magamba kule Lushoto, Erasto Mpemba na wenzake walikuwa wakijitengenezea aiskrimu. Kawaida yao ilikuwa kuchemsha maziwa, kuyatia sukari, kuyaacha yapoe, kisha kuyaweka kwenye friji. Siku hiyo nafasi zilikuwa chache na kila mtu alikuwa mbioni. Mwenzake mmoja aliweka maziwa bila kuyachemsha. Mpemba naye, kwa kuhofia kukosa trei ya mwisho, akayatia yake yakiwa bado ya moto. Baada ya saa moja na nusu hivi, ya Mpemba yalikuwa yameganda. Ya mwenzake yalikuwa uji tu.

Alimwuliza mwalimu sababu, akaambiwa amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Alipokwenda Tanga likizo, rafiki yake aliyekuwa akiuza aiskrimu akamwambia kwamba yeye huweka mchanganyiko ukiwa moto makusudi ili ugande upesi. Muuzaji wa barabarani alikuwa amekwisha kuliona ambalo darasa lilikataa hata kulitazama! Baadaye, katika shule ya Mkwawa kule Iringa, mwalimu mwingine alimwambia kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya dunia. Darasa zima likaidaka kauli hiyo, na kila alipokosea hesabu wakamwambia ni hesabu za Mpemba. Naandika haya kwa hasira, kwa sababu najua watoto wa Kibera walionyamazishwa hivyohivyo.

Sasa tufanye kazi. Chukua vikombe viwili vya bati vinavyofanana. Maji yote yatoke mtungi mmoja na yote yachemshwe, kisha nusu uyaache yapoe, maana kuchemsha hutoa hewa iliyomo majini na usipokuwa mwangalifu utakuwa unalinganisha maji ya aina mbili. Pima sawasawa, na yawe kidogo, ili usiyeyushe juisi za mama wa watu. Halafu pima joto. Usiandike nyuzi 100 kwa sababu kitabu kimesema hivyo. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi.

Hapa ndipo ubishi mwingi huharibika: tazama sakafu ya friza. Kama ni kuukuu, ina utando mnene wa theluji. Kikombe cha moto kitauyeyusha na kukaa moja kwa moja juu ya chuma baridi, wakati kile cha baridi kimebaki juu ya theluji inayozuia joto lisitoke. Cha moto kitashinda, lakini utakuwa umepima theluji tu. Weka vyote juu ya kipande cha boksi la foam, lile linalofungia televisheni. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, alifanya hivyo. Osborne alipotembelea Mkwawa, Mpemba alimwuliza swali lake, wanafunzi wenzake wakaona aibu, lakini mgeni akaahidi kulijaribu. Fundi wake wa maabara alirudi na habari kwamba maji ya moto yalitangulia kuganda, na kwamba wangeendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi! Wewe rudia pia, ila si kwa nia hiyo.

Kabla ya kufunga mlango, kubalianeni "kuganda" ni nini: utando wa kwanza juu, au kikombe kizima kuwa jiwe? Maji yanaweza kushuka chini ya sifuri yakabaki maji. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walionyesha kwamba kipimajoto kikisogea sentimita moja tu kinaweza kukupa ushindi wa uongo, na wao wenyewe hawakuona uthibitisho wa madai kwamba maji ya moto hutangulia. Mwaka 2012 Jumuiya ya Kifalme ya Kemia ya Uingereza iliahidi pauni 1,000 kwa maelezo bora ya jambo hili. Majibu zaidi ya 22,000 yakaingia, na ubishi haukwisha. Kisha mwaka 2020, nchini Kanada, Avinash Kumar na John Bechhoefer walitumia chembe ndogo mno ndani ya maji, wakaonyesha kwamba kitu kilichoanza na joto zaidi kinaweza kweli kupoa upesi zaidi.

Stima ikikatika katikati, futa na uanze upya. Cha baridi kikishinda, andika kimeshinda. Badilisha nafasi za vikombe, rudia, na mwonyeshe mama daftari. Friza ni yake na huenda ameona mengi ambayo hakuna aliyemwuliza. Jina lako liandike juu kabisa ya ukurasa. Makala ya Mpemba na Osborne yalipochapishwa mwaka 1969, jina la Mpemba ndilo lililotangulia.