Barua ya Wazi kwa Dawati la "Tatizo Lipo Ndani Kwako"

Kwa Mkuu wa Dawati la Malalamiko,
Ofisi ya Umeme, mlango wenye pazia.

YAH: MAOMBI YA KAZI KWA NIABA YA NEURONI MOJA

Mimi ni yule fundi wa kusuka mota anayekuja na kompresa ndani ya kiroba. Mlinzi wenu keshanizoea.

Mara ya kwanza ilikuwa pampu ya maji ya msikiti. Ya pili, jokofu la mama muuza samaki. Ya tatu na ya nne, mota za mashine ya kusaga. Kila nikija napewa fomu, na kabla sijamaliza kuandika jina, jibu limeshatoka: "Tatizo lipo ndani kwako." Ndani kwangu wapi, mheshimiwa? Maji ya msikiti, samaki wa jirani na unga wa mtaa mzima, vyote vimo ndani kwangu?

Sikatai kwamba mmewahi kuja. Kijana wenu alichomeka kipimo, kikasoma volti 230, akatabasamu, akaondoka. Ni kweli zilikuwa 230. Maziwa yaliyotiwa maji nayo hujaza lita. Kipimo kile hakioni umbo la wimbi. Nilipoazima osiloskopu kwa mwalimu wa ufundi, nililiona wimbi lenu limebapa kileleni kama chapati. Juu ya zile hezi 50 nilizolipia walikuwa wamedandia abiria wa hezi 150, 250 na 350. Hao ndio hamoniki. Mota haiwapatii kazi yoyote ya maana. Inapata joto tu, mpaka vanishi ya koili inaungua na duka zima linanuka.

Tusemezane ukweli, uchafu huo na sisi tunautia. Chaja, taa za LED, televisheni, na yule jirani mwenye kiwanda ambacho mota zake zinaendeshwa na inveta, sote tunaudokoa umeme vipande vipande badala ya kuunywa taratibu. Ndiyo maana dawa yake haiwezi kukaa dukani kwangu. Mahali pake ni kwenye transfoma, na transfoma ni yenu. Mlinikumbusha wenyewe siku nilipoegemeza ngazi kwenye nguzo.

Maombi madogo nayataja harakaharaka. Kijana akija tena, aje na kipimo kinachoona wimbi. Fomu ziwe na nafasi ya kuandikia jibu. Na lile bango la "Mteja ni Mfalme" litoeni ukutani. Wafalme hawapangi foleni tangu alfajiri.

Sasa ombi lenyewe. Naomba muajiri neuroni moja bandia pale dawatini.

Jina lake ni Adaline. Bernard Widrow na mwanafunzi wake Ted Hoff waliitangaza mwaka 1960 huko Stanford, Marekani, kabla Tanganyika na Kenya hazijapandisha bendera zao, kwa hiyo uzoefu wa kazi inao. Mbinu ile ile inayoitumia kujirekebisha ilishatumiwa na Widrow kutenga mapigo ya moyo wa mtoto aliye tumboni na ya mama yake. Itashindwaje kutenga 50 na 150? Leo mitandao ya neuroni za aina hii inaongoza vichujio vya umeme. Inapima mkondo, inakisia safi ni kiasi gani na chafu kiasi gani, inalinganisha kisio lake na kilichopo, kisha inajirekebisha. Kichujio kinaurudishia waya ule uchafu ukiwa umepinduliwa, vikutane vifutane. Kiwanda kikiwashwa, inajifunza upya ndani ya mizunguko michache, na mzunguko mmoja ni milisekunde 20. Fomu yangu ya kwanza ina miezi 11.

Haihitaji kiti. Haina posho ya semina wala shemeji kitengo cha manunuzi. Chai yake mtagawana. Kwenye usaili iwekeeni kompresa yangu mezani, nanyi mtaiona tabia moja ngeni hapo ofisini: ikionyeshwa kosa, haiulizi ni la nani. Inauliza ni kubwa kiasi gani, kisha inalipunguza.

Nyinyi mmeonyeshwa kosa mara nne. Mama wa samaki alimwaga ndoo tatu za vibua shimoni mbele yangu, akaniuliza kama ile fomu inaliwa. Sikuwa na jibu. Mnatuona wajinga, mnatuuzia kitu kibovu kwa tokeni za kulipia kabla, kisha mnatuuliza nyumbani kwetu kuna nini!

Nisameheni, sauti imepanda. Turudi kwenye ajira: mkataba wa mwezi mmoja wa majaribio unatosha, na barua ya utambulisho nitaandika mimi.

La mwisho ni la haraka kidogo. Mikondo ya hezi 50 ya fezi tatu zilizolingana ikikutana kwenye nyutro huuana yenyewe. Ile ya 150 haiuani, inajumlishana. Ganda la waya wa nyutro kwenye nguzo iliyo mbele ya duka langu limeanza kuyeyuka, na lenyewe halipo ndani kwangu. Njooni muuone. Kile kipimo cha 230 kiacheni ofisini.

Wenu,
Fundi wa kiroba