Mbuyu wa Roshani

Hapa Raskazone, Tanga, siku hizi huna hadhi kama roshani yako haina mti. Si mti wa kivuli, ni mti wa kukufika gotini. Mwenzetu mmoja ana mbuyu, naam, mbuyu, ndani ya ndoo ya rangi ya lita 20. Kaitoboa kitako kwa msumari wa moto, katandika kokoto, kisha udongo na samadi ya mbuzi. Mizizi ikinenepa anaung'oa, anaipunguza kwa mkasi, anaurudisha. Matawi kayazungushia waya wa shaba ili yapinde kistaarabu. Ukimtembelea, kahawa baadaye. Kwanza usimame uushangae.

Nasi tunashangaa, hatuna choyo. Kiangazi ulipopukutisha majani, kama mibuyu yote ifanyavyo, aliita mtaalamu, akalipa na nauli. Angeshuka tu Tongoni akaitazame ile ya magofuni, inavyokaa uchi bila daktari. Lakini Tongoni kuna jua, bwana.

Jirani yake hakubali kushindwa. Yeye ana mchungwa kwenye pipa lililokatwa nusu, mche uliobebeshwa juu ya mlimau uzae ungali mfupi. Umezaa machungwa matatu, na yamepigwa picha kuliko bibi harusi. Muheza, mkoa huu huu, msimu ukiwadia machungwa yanajaza malori. Hayo hayamhusu. Matatu yake kakataza yasiguswe, na watoto wakiwa na kiu wanapewa juisi ya boksi.