Kufa na Kupona Kwenye Duka la Dawa za Ng'ombe

Anayeuza kwenye agroveti Eldoret huitwa daktari, hata kama alichosomea ni uhasibu. Mimi nilisomea uhasibu. Hilo haliwasumbui wateja wetu hata kidogo. Mtu aliyeshuka matatu kutoka Moiben na gambuti zake za matope amekuja kueleza ndama wake anavyoharisha, na habari nzito kama hiyo haielezwi karani. Basi nasikiliza, naitikia kwa kichwa, namsomea maandishi ya kwenye chupa kwa sauti ya chini, naye anaondoka ameridhika.

Duka lenyewe liko karibu na steji. Mbele kumepangwa mbolea, mbegu na chumvi ya kulamba. Nyuma ni dawa. Kati ya dawa za minyoo na dawa za kupe kuna rafu fupi iliyokuwa tupu kwa sababu mabati yanavuja pale. Hapo ndipo vitabu vyangu vilipohamia, vikafunikwa kwa gunia la nailoni. Mwenye duka hakupinga. Yeye huja Jumamosi kuhesabu pesa, na kisicho pesa hakimhusu.

Agroveti ina msimu wake wa njaa. Machi na Aprili watu wanapanda, hata chai tunainywa tumesimama. Mei hadi mwanzo wa Juni wanatia mbolea ya kukuzia. Baada ya hapo mahindi huachiwa Mungu hadi mavuno ya Oktoba na Novemba. Miezi hiyo ya katikati mvua hunyesha karibu kila alasiri, na kwa kuwa mji uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, baridi huingia hadi kwenye droo ya pesa. Eldoret ni jiji tangu Agosti 2024, hati imetolewa na Rais mwenyewe, lakini ng'ombe hawakuarifiwa. Wanaendelea kuugua Jumapili duka likiwa limefungwa. Siku nyingine zote mtu anasoma.

Vitabu navitoa inama, kwa kijana anayetandaza magunia kando ya barabara. Kijana huyo hatambui mwandishi wala aina ya kitabu. Anapanga kwa unene. Chembamba hamsini, cha wastani mia, kinene mia na hamsini, na chenye jalada gumu bei yake hutegemea viatu ulivyovaa. Ndiyo maana James Hadley Chase, yule Mwingereza aliyetajirika kwa kuwasimulia majambazi wa Marekani, unamkuta amelala kifudifudi juu ya kitabu cha hesabu cha darasa la sita, na chini yao wote wawili kuna mwongozo wa kupunguza unene usio na jalada. Desemba, mtihani wa kidato cha nne ukishapita, gunia hufurika vitabu teule, vingine safi kabisa, kwa sababu mwenye navyo alisoma mwongozo tu. Nchi hii ina watu wengi waliopata alama nzuri za fasihi bila kujua riwaya iliishaje. Hasara ni yao. Faida ni yangu, kwa shilingi mia.

Ila kupanga kwa unene kuna hatari zake. *Nagona* ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1990, haifiki hata kurasa mia. Kwa hiyo ilikuwa imewekwa pamoja na hadithi za sungura na fisi. "Chukua hii, boss," kijana akaniambia, "ni nyepesi, unamaliza kabla ushuke." Nikapanda matatu ya Langas. Konda alipofika kudai nauli sikuwa na hakika kama msimulizi yu hai, kama mimi ni hai, na kama Langas ipo. Ipo. Tuliipita.

Sasa, shida ya kuweka fasihi kati ya dawa za minyoo na dawa za kupe ni kwamba mteja anaamini kila kilicho dukani ni cha mifugo. Wa kwanza alikuwa mzee mmoja aliyekuja kutafuta dawa ya ndama. Nilikuwa nimeacha *Kufa na Kupona* juu ya kaunta. Akasoma kichwa chake polepole, akaigonga kwa kidole.

"Hii ndiyo nilikuwa natafuta. Imeandika mambo ya ndigana?"

"Hapana, mzee. Ni ya Elvis Musiba, ya mwaka 1974. Inamhusu Willy Gamba, mpelelezi wa Tanzania."

"Huyo Gamba anafuga nini?"

"Hafugi, mzee. Anapiga watu risasi."

Akafikiri. Ndama alikuwa anaharisha, matatu ilikuwa inapiga honi, na bado mzee anafikiri. "Nipatie," akasema. "Nitarudisha nikija kuchukua chumvi." Alirudisha kweli, jalada likiwa limepata harufu ya moshi wa kuni. "Ng'ombe hakuna hata mmoja," akanilalamikia. "Lakini jana sikulala. Uko na ingine?"

Habari zikaenea kwamba daktari wa pale steji anaazima vitabu vya magonjwa. Mama mmoja wa Ziwa aliona *Damu Nyeusi* akarudi nyuma hadi kwenye mifuko ya mbolea. "Hiyo ni kimeta!" Akatupa somo, mimi na wateja wengine waliokuwepo: damu ya ng'ombe aliyekufa kwa kimeta ni nyeusi na haigandi, mzoga haupasuliwi, nyama hailiwi hata iwe kwa matanga, na udongo unaweza kuhifadhi ugonjwa huo miaka na miaka. Kila neno lilikuwa sahihi. Nami nilikuwa nimesimama na mkusanyiko wa hadithi fupi mkononi, nikiuelekeza mbali na uso wangu. *Tumbo Lisiloshiba* nimeulizwa mara kadhaa kipimo chake kwa ndama wa miezi mitatu. *Mafuta* ya Katama Mkangi kuna aliyeilipia kabisa, akidhani nitaingia ndani nimletee kopo la kupaka chuchu wakati wa kukamua.

Aliyenishinda kabisa ni mfugaji wa nguruwe kutoka upande wa Turbo. Alichukua *Shamba la Wanyama*, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya mwaka 1967, akaenda nayo nyumbani na mfuko wa chakula cha nguruwe. Aliporudi alikuwa na maoni, na kwa kuwa mvua ilikuwa imeanza, alikuwa pia na wakati.

"Huyu mwandishi anawajua nguruwe," akaanza. "Wangu walishafungua lachi ya lango wenyewe, nikashangaa nani amewafundisha. Na ule ujanja wa kujitengea maziwa, huo ni wao kabisa." Alikuwa na dosari moja tu ya kutaja. Yule farasi mwenye nguvu, aliyefanya kazi hadi akaanguka, haikuwa busara kumuuza kwa mchinjaji. "Hiyo ni hasara. Farasi kama huyo unampumzisha, unampa madini, anarudi kazini. Hao nguruwe hawakuwa na daktari karibu."

Nikaona ni wajibu wangu kumweleza. Nikamwambia kitabu kiliandikwa na Mwingereza, George Orwell, kikatoka mwaka 1945, na kwamba hasa kilikuwa kinasema mambo ya siasa za Urusi: mapinduzi yamefanyika kwa jina la wote, kisha wachache wakayageuza yao. Alinisikiliza kwa heshima hadi mwisho. Halafu akaniwekea mkono begani.

"Daktari," akasema, "hao ni nguruwe."

Mhadhiri wa fasihi angemnyima alama. Mimi namwona kama msomaji aliyefika mahali ambapo Orwell mwenyewe angependa afike, ila amepitia njia ya zizini. Hakuchelewa kuniuliza pia kama mwenye kitabu aliwahi kuandika juu ya kuku.

*Utubora Mkulima* ya Shaaban Robert, kwa upande mwingine, ilirudi haraka. Mle mna mtu anayeacha kazi ya mshahara mjini aende akalime kwa moyo safi, na wakulima wangu walishindwa kuvumilia. "Huyo," mmoja alisema akiirudisha kwa kuisukuma juu ya kaunta, "hajauliza bei ya mbolea."

Mwenye bodaboda anayeegesha nje ya duka letu hakutaka habari za kilimo. Nilimpa *Mzimu wa Watu wa Kale*, riwaya ya Mohammed Said Abdulla iliyoshinda mashindano ya uandishi ya mwaka 1957 na 1958 kabla ya kuchapishwa mwaka 1960. Nikamtambulisha kwa Bwana Msa na kiko chake. Ikawa balaa. Alikataa abiria wa Kapsoya kwa sababu Bwana Msa alikuwa karibu kusema jambo. Kisha akaanza kuwapeleleza wateja wetu. "Huyu ametoka Kapsabet," alininong'oneza siku moja, "angalia rangi ya tope kwenye kiatu." Mteja alikuwa ametoka ng'ambo ya barabara kuomba chenji. Jambo ambalo lilimfurahisha kuliko yote ni nilipomwambia kwamba mtunzi huyo, kabla ya kustaafu mwaka 1968, alikuwa mhariri wa jarida la kilimo la Zanzibar, lililoitwa *Mkulima*, kwa miaka kumi hivi. "Kwa hivyo kitabu kiko mahali pake," akasema, akakirudisha mwenyewe karibu na dawa za kupe.

Yote hayo yangeenda vizuri kama si *Rosa Mistika*.

Mwenye duka ni mama wa kanisa. Katoliki halisi, wa Jumuiya kila wiki, rozari kwenye pochi pamoja na funguo za stoo. Jumamosi moja, akimaliza kuhesabu pesa, aliinua gunia la nailoni aone kama maji yameingia, akakutana na kitabu changu kisicho na jalada, mbele kimebaki na ukurasa wa jina tu. Akanigeukia na uso ambao sijawahi kuuona, hata wakati wa mauzo ya Aprili.

"Kumbe unasali! Hii ni ya Mama Maria?"

Waridi lenye fumbo ni sifa ya Bikira Maria katika litania, hilo ni kweli. Lakini riwaya ya Kezilahabi ya mwaka 1971 ni habari ya binti wa Ukerewe, baba mlevi anayemlinda kwa kiboko, na mambo yanayompata binti huyo akishatoka chini ya kiboko hicho, mambo ambayo yalifanya kitabu kizuiwe kwa muda katika shule za Tanzania. Nilifungua kinywa. Akawa ameshaitia kwenye pochi. "Nawapelekea akina mama wa Jumuiya, tutaisoma pamoja."

Nilianza kutafuta kazi. Nasema kweli, niliuliza kwenye duka la pembejeo la jirani, nikauliza hata kwa kijana wa inama kama anahitaji mtu wa kupanga kwa unene. Jumamosi ya kwanza mama alikuja, akahesabu pesa, hakusema kitu. Iliyofuata vilevile. Kisha alasiri moja akaingia mama wa makamo, kitambaa kichwani, akaagiza dawa ya minyoo ya mbuzi na hakuichukua. Akangoja watu watoke dukani. Akainama juu ya kaunta.

"Daktari. Ile ya Rosa. Huyo padri ameandika ingine?"

"Si padri, mama. Seminari alisoma, lakini si padri."

"Hapana, huyo ni padri," akasema. "Mtu asiyekaa kwenye kitubio hawezi kujua mambo hayo." Akanieleza kwa sauti ya chini kwamba wamekisoma kwa zamu, kwamba mwenyekiti wa Jumuiya alilia, kwamba mmoja wao amekwenda kuongea na mume wake juu ya jinsi anavyowachunga mabinti, na kwamba mwenye duka ndiye aliyekaa nacho muda mrefu kuliko wote akidai miwani yake imepotea. Sasa walitaka kingine. Cha Kezilahabi nilichokuwa nacho ni *Nagona* peke yake. Nilimwonya. Nilimwambia kinachanganya. Akakipima kwa vidole, akaona ni chembamba. "Hiki tunakimaliza kabla ya sala ya mwisho," akasema, na sijasikia neno kutoka Jumuiya tangu hapo.

Mwezi uliopita alikuja mkaguzi wa dawa. Hao huja bila kupiga simu, na kazi yao ni kutafuta chupa iliyopitwa na tarehe. Alipitia rafu ya minyoo, safi. Akafika kwenye gunia la nailoni, akaliinua, akatoa *Siri ya Sifuri*, akageuza nyuma na mbele akitafuta kile wanachotafuta siku zote.

"Hii ni ya 1974," akasema.

"Ndiyo, mkubwa."

"Imekaa dukani tangu 1974?"

Mwenye bodaboda, ambaye alikuwa ameingia kujikinga mvua, akamrukia kabla sijajibu: kwamba hiyo ni ya Bwana Msa, na mwandishi wake mwenyewe alianza kazi akiwa mkaguzi wa afya kule Zanzibar. Hilo nalo ni kweli. Mkaguzi akamtazama, akatazama kitabu, akafungua ukurasa wa kwanza amesimama. Akafungua wa pili. Akavuta mfuko wa chumvi ya kulamba akaukalia. Matatu ya Iten ikajaa na kuondoka, ikaja nyingine ikajaa, naye bado yuko kwenye chumvi. Saa za kazi zilipokwisha aliweka sahihi kwenye fomu yake bila kufika kwenye rafu ya kupe, akatia Bwana Msa chini ya koti ili asilowe, akasema atakileta akirudi kwa ukaguzi.

Leseni ya duka inaisha mwezi ujao, na mwenye duka anamwombea mkaguzi achelewe. Mimi na mwenye bodaboda tunamngoja kwa hamu. Huyu wa bodaboda bado hajaisoma *Siri ya Sifuri*.