Shirley na Hati ya Shamba

Kwa Wagiriama mtoto hapewi jina la kuokota. Charo ni safari, Kadzo ni kazuri, Kache ni kijanamke kidogo, na Kazungu kisia mwenyewe. Juu ya maana, jina lina mwenyewe. Mtoto hurithi jina la babu au nyanya, na nyanya akishapata somo yake, ole wake mzazi atakayethubutu kumchapa.

Kwa hiyo ndugu yangu alipomwita bintiye Shirley, nyanya yetu, Hawe Kache, alinyamaza kwanza. Kisha zikaja salamu kutoka Jilore kwa kinywa cha kondakta wa matatu: mtoto tumesikia ni mzima, alhamdulillahi na bwana asifiwe, lakini huyo Shirley ni wa mlango gani, na maana yake nini?

Mimi ndiye niliyesoma Kiingereza katika ukoo, swali likaniangukia mimi.

Kumbe Shirley hakuanza kuwa mtu. Ni jina la vijiji vya Uingereza, Derbyshire kipo, Hampshire kipo, na asili yake ni Kiingereza cha kale: mahali palipofyekwa msituni pakaingia mwanga. Watu wa vijiji hivyo wakalifanya jina la ukoo, na mara mojamoja akapewa mvulana. Ndipo mwaka 1849 Charlotte Brontë akatoa riwaya yake, Shirley. Mhusika ni binti tajiri mwenye ardhi yake. Wazazi walimtaka mwana wa kiume, akaja wa kike, nao wakambandika jina lile lile walilokuwa wamemwekea mvulana. Tangu hapo likahamia kwa wanawake. Shirley Temple, mtoto nyota wa sinema wa Marekani aliyezaliwa 1928, akamalizia kazi: miaka ya 1930 Marekani ilijaa kina Shirley.

Nikapanda hadi Jilore na elimu yangu. Nilimkuta Hawe juu ya mbuzi, anakuna nazi.

"Hawe, maana yake ni mahali palipofyekwa, pana mwanga."

Mkono ukasimama. "Shamba?"

"Si shamba hasa..."

"Pamefyekwa, pana mwanga. Hilo ni shamba, mume wangu. Hati iko wapi?"

Msomaji wa bara asidhani ni mzaha. Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908 iliwataka wenye madai katika ukanda wa pwani wajitokeze wapewe karatasi. Ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa mali ya serikali ya kikoloni. Wamijikenda wengi, sisi Wagiriama tukiwemo, hawakupata kitu. Hadi leo Kilifi ina watu waliozaliwa, wakaoa na wakazeeka kwenye shamba moja, na bado wanaitwa maskwota. Ukisema pamefyekwa, mzee wa huku hataki kujua mwanga. Anataka kujua ni nani aliyefyeka.

Nikajaribu kumwokoa mtoto kwa Brontë. Nikasema Shirley wa kitabuni alikuwa na ardhi.

"Na hati?"

"Alikuwa nayo."

"Mzungu huyo alikuwa nayo. Mke mwenzangu je?"

Hapo ningenyamaza, lakini msomi hajui kunyamaza. Nikaongeza kwamba zamani lilikuwa jina la kiume. Hawe akaweka kifuu chini. "Basi mmempa msichana jina la mwanamume, la shamba lisilo na hati." Nikakimbilia historia: hata Mekatilili, shujaa wetu aliyewapinga Waingereza 1913, alizaliwa Mnyazi wa Menza, la Mekatilili likaja baadaye. "Ndiyo," akasema, "ni mama wa Katilili. Alilizalia. Hili la kwenu mmeliona kwenye televisheni."

Na hilo ni Jilore. Mjini Malindi mambo ni mabaya zaidi, kwa sababu majirani hawasemi Shirley. Wanasema Shela, na mama mtu naye, kwa kuzoea, akaanza kusema Shela. Shela ni kitambaa cha bibi harusi, sawa, hakuna neno. Lakini Shela pia ni mtaa wa Malindi. Siku moja mtoto alichomoka kuelekea kwa muuza viazi karai ng'ambo ya barabara ya Lamu. Shemeji yangu akapiga ukelele: "Shela! Shela wee!" Tuktuk ikafunga breki mbele yake.

"Ingia mama, Shela mia."

"Namwita mtoto!"

"Mtoto nampakata mwenyewe, hatoi kitu. Ingia."

Nyuma tuktuk nyingine ikawa imeshasimama, dereva wake anasema yeye themanini. Wakaanza kugombana wao kwa wao, mtoto keshafika kwenye ukwaju. Shemeji alipanda ya themanini, kwa aibu tu, akaenda Shela asikokuwa na shughuli.

Chekechea mwalimu alisikia Charlie, akamwandika Charlie, na asubuhi akapangwa mstari wa wavulana. Hawe alipoletewa habari hiyo alicheka hadi akakohoa, akataka arudiwe tena.

Ndugu yangu amesalimu amri. Cheti cha kuzaliwa sasa kinasoma Shirley Kache, na Hawe ametangaza kwamba Shirley ni la wageni. Wewe unayetaka kumwita bintiyo Shirley, mwite, ni jina zuri. Ila kama unakaa Malindi, mwite ukiwa ndani ya ua na geti limefungwa.